Maji ya Siku Saba

Jumapili, 21 Aprili 1968

Korogwe. Nimefika mchana kwa lori kutoka Handeni, baiskeli yangu juu ya magunia ya mahindi, mimi juu ya baiskeli. Daftari hili ni la ushirika, lile la kuandikia mizani ya pamba. Msimu wa pamba bado, na kwa mvua hizi sijui kama utakuwepo. Karani wa mizani hana cha kupima. Basi nitaandika haya.

Nimefikia Kwamndolwa kwa Bonaventura, mtani wangu. Marehemu baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge kwa mkataba wa miezi, akakata miaka thelathini, akazikwa hapa hapa. Mwanawe naye yumo kwenye mkonge. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na misafara ya pembe za ndovu. Hakunikaribisha. Alisimama mlangoni akapaza sauti: mama, njoo uone, mtumwa wetu karudi! Yule tuliyemnunua kwa kibaba cha mahindi mwaka wa njaa! Nikamwambia ashushe kwanza pembe za watu begani ndipo azungumze na waungwana. Mama yake, Mama Bernadina, alicheka hadi akakaa chini.

Tumejuana miaka sita, tangu mechi ya Handeni na Korogwe aliponivunja kidole cha mguu. Hatujawahi kuitana majina. Ni mtani, au mtumwa, au mpagazi.

Kesho tunaondoka. Watu kumi na mmoja, wakulima na wafanyakazi, msafara wa baiskeli wa kuunga mkono Azimio la Arusha. Korogwe hadi Handeni, Handeni hadi Songe, kisha kurudi hapa Mei Mosi, uwanjani, mbele ya wakubwa. Kina mama wametushonea mashati meupe, kila moja na herufi ya kijani kifuani. Tukijipanga tunasomeka UHURU NA KAZI. Bonaventura kapata K. Mimi I, mkiani kabisa. Kasema ndipo mahali pa mtumwa.

Jioni tumewekeana sharti, mama yake akiwa shahidi. Atakayeshuka kwenye baiskeli akatamka "nimeshindwa" kabla ya kufika Korogwe, atachota maji ya nyumba ya mwenzake siku saba. Ndoo kichwani, mchana kweupe. Nataka kumwona Mnyamwezi huyu anapita kwetu Chanika na ndoo kichwani. Nataka sana!

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imeanza kabla ya sisi. Kiongozi wetu ni Athuman, katibu wa vijana. Ana filimbi na anaipenda kuliko anavyotupenda sisi. Akipuliza mara moja, twende. Mara mbili, simama. Leo amepuliza mara mbili siku nzima.

Si barabara hii, ni uji. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Unashuka, unakwangua na kijiti, unapanda, hatua ishirini, unashuka tena. (Kushuka kwa kukwangua tumekubaliana si kushindwa.) Habakuki, fundi wetu, ameziba pancha nne na solusheni inakataa kushika kwa sababu ya maji.

Tumelala Sindeni, ghalani. Panya wengi. Blanketi limelowa.

Jumanne, 23 Aprili

Handeni. Nimelala kwangu Chanika. Mke wangu Mwantumu kanifulia shati, kaliweka juu ya jiko likauke, sasa herufi yangu inanuka moshi. Kaniuliza hii safari ni ya kumfaa nani. Nikamwambia ni ya kumfaa Mtanzania. Akasema yeye ni Mtanzania na paa la jikoni linavuja.

Jumatano, 24 Aprili

Kwediboma. Sitaandika mengi, mikono imekufa ganzi. Mkutano ulikuwa na watu tisa, na watatu kati yao walikuwa wanajikinga mvua tu. Athuman kawasomea Azimio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja kaomba kuuliza. Kauliza kama tumebeba chumvi.

Alhamisi, 25 Aprili

Songe. Leo nimefanywa mjinga na sitasahau.

Chini ya kile kilima kirefu kabla ya Songe, Bonaventura alijitupa ubavuni mwa njia, kashika tumbo, anagaagaa. Anasema utumbo umejisokota. Uso ameukunja, machozi kabisa! Nikaingiwa na huruma, mimi mpumbavu. Nikachukua mzigo wake — blanketi, sufuria, unga wa kundi zima — nikaufunga nyuma ya baiskeli yangu juu ya mzigo wangu. Nikasukuma kilima chote, moyo unataka kutokea mdomoni. Nilipokaribia juu nikasikia kengele. Mwenzangu yule! Yuko juu ya baiskeli tupu, anapanda kilima huku anaimba, ananipita, anawaambia wenzangu: tazameni, siku hizi Mzigua ndiye mpagazi!

Wote walicheka. Athuman alicheka mpaka nusura ameze filimbi. Hata mimi nilicheka, ndiyo sheria, mtani hanuni. Lakini ndani niliungua.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, miaka minne. Mvua kutwa. Tumekaa kwenye darasa la shule tulimolazwa, bila kutoka, tunatazama maji yakipita mlangoni. Bonaventura katunga wimbo wa mpagazi wa Kizigua na watoto wa shule wameshaushika. Nimesikia ukiimbwa chooni.

Nimeapa. Hatanipata tena.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumeanza kurudi. Daraja la magogo tulilopitia juzi halipo, limekwenda na maji. Tumevuka kwa kamba, baiskeli kichwani, mmoja mmoja, maji kifuani, saa tatu nzima. Ng'ombe aliyekufa alipita karibu yangu, tumbo juu.

Jioni tumerudi Kwediboma, tumewasha moto wa kuni mbichi, moshi mtupu. Bonaventura anatetemeka. Meno yanagongana kwa sauti. Habakuki kamuuliza vipi. Kajibu anacheza ngoma ya Kizigua ya kuomba mahindi, na palepale akaanza kuchezesha na mabega, meno ndiyo manyanga. Tukacheka tena. Nikamwambia aongeze mwendo, jirani hawajasikia.

Hakula. Chakula chake kaniachia mimi. Nilikula lakini nilichungulia kwanza kama hakuweka mchanga.

Jumapili, 28 Aprili

Handeni, tumefika saa kumi na moja jioni. Tumechoka hatusemi.

Leo Bonaventura alikuwa wa mwisho njia nzima. Mara nne Athuman kapuliza kumsubiri. Akifika hashuki — sharti! — anazungukazunguka polepole tu kwenye tope mpaka tunaondoka tena. Nilimwambia ndoo za Chanika zina masikio mazuri ya kushikia. Akacheka bila sauti.

Kalala kwangu. Mwantumu kampa uji wa moto, kalishika bakuli mkononi mpaka uji ukapoa. Mwantumu kanivuta jikoni. Kasema mwenzangu anaumwa, macho yake ya manjano. Nikamwambia huyo ni mwigizaji, angemwona Songe. Kasema macho hayaigizwi.

Nilipompelekea mkeka alikuwa amekaa, mgongo ukutani. Akasema: Mhina, sijisikii vizuri.

Nikasubiri mzaha wenyewe ufuate. Haukufuata. Nikamwambia alale, kesho atapata ndoo ya dawa. Nikatoka.

Aliniita Mhina. Naandika ili nikumbuke, maana ni mara ya kwanza.

Jumatatu, 29 Aprili

Athuman alikuja sijamaliza chai. Akaniita pembeni, penye mgomba. Kasema lori linaondoka saa nne kwenda Korogwe, dereva amekubali kubeba mtu mmoja na baiskeli yake. Au abaki hapa, apelekwe hospitali. Bonaventura anamtia wasiwasi. Amemuuliza mwenyewe mara mbili, kajibiwa amuulize mtani wake, yeye ndiye mganga wa Wanyamwezi. Basi ananiuliza mimi. Mimi ndiye ninayemjua. Anaumwa kweli au anatega?

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Nilifikiri kwanza. Nilikumbuka macho aliyoyasema Mwantumu. Nilikumbuka jina langu. Halafu nikakumbuka kile kilima na kengele nyuma yangu na watoto chooni. Nikaona lori hilo ndilo mlango wake wa kutokea. Mgonjwa hakushindwa, mgonjwa hachoti maji. Angeniaga kutoka juu ya magunia, anaimba. Nilitaka ashuke mwenyewe, topeni, atamke.

Nikasema: mzima huyo. Anatega.

Athuman akapumua. Nadhani ndilo jibu alilokuja kulitafuta, maana mstari usio na K angeujibia yeye kwa wakubwa. Nilipogeuka Mwantumu alikuwa mlangoni na birika. Akarudi jikoni.

Tumelala Sindeni, ghala lilelile. Mvua haikukatika. Bonaventura hajazungumza tangu saa sita.

Jumanne, 30 Aprili

Tuko Old Korogwe, karibu na mto, tumelazwa ukumbini. Mto unavuma. Wenzangu wamelala, bado kuna mwanga kidogo wa kuandikia.

Leo sikumcheka.

Asubuhi alianguka mara mbili. Mara ya pili alikaa topeni, akaishika baiskeli kama inakimbia, akapanda, mguu ukiikosa pedeli. Nikasogea karibu yake, nikaweka mkono nyuma ya siti yake, nikamsukuma huku naendesha kwa mkono mmoja. Siti ilikuwa ya moto kuliko tumbo la jiko. Yeye mzima alikuwa wa moto, nausikia ule moto kupitia shati, mvua inanyesha na maji yanakauka juu yake.

Nikamchokoza. Nikamwambia Wanyamwezi wote waliokwenda pwani walikwenda kwa miguu, yeye anasukumwa kama bibi harusi. Kimya. Nikamtukana babu yake. Kimya. Sijawahi kumtukana babu yake bila kurudishiwa mara mbili. Hapo ndipo nilipoamini anaumwa.

Nikamwambia: shuka. Shuka, mtani, sharti nimelifuta, nasema mbele ya Mungu limefutwa. Tukae tusubiri gari lolote.

Kanitazama kwa macho yale. Kweli ni ya manjano. Akasema: unanitafutia ndoo.

Hakuniamini! Nilimwapia kwa Mwenyezi Mungu, kwa mama yangu kaburini. Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, kama mtu anayesema huo nao ni mtindo wa zamani. Akaendelea kukanyaga pedeli. Nikamwita jina lake. Bonaventura, nasema kweli. Hata jina halikusaidia, alifikiri nimemwiga tu.

Nikamkimbilia Athuman nikamwambia tumsimamishe kwa nguvu. Athuman akasema si jana tu nilimwambia mzima? Tena maili zilizobaki ni chache, gari lenyewe liko wapi. Ni kweli, gari halikuwepo. Lori lilipita jana.

Nimempa kwinini ya Habakuki, vidonge viwili vilivyolowa. Kavitapika.

Jumatano, 1 Mei 1968. Mei Mosi

Tumemaliza.

Mvua iliacha saa tatu, jua likatoka kama limetumwa. Tuliingia uwanjani wawiliwawili, filimbi mbele, ngoma, vigelegele, watu wamepanda hata juu ya kuta. Mimi nilikuwa ubavuni mwa Bonaventura, mkono nyuma ya siti yake. Watu walidhani ni mapenzi ya watani, wakashangilia zaidi. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, unaona Mzigua na Mnyamwezi wanavyoshikana, huo ndio Ujamaa.

Tukajipanga. Habakuki alisimama kulia kwake akambana kwa bega asianguke. Tukasomeka. Mkubwa kapita anatupa mkono mmoja mmoja, kafika kwa Bonaventura, kasema kijana huyu ana mkono wa moto, mkono wa mchapakazi! Mpiga picha akatupiga.

Mama Bernadina alikuwa mbele, kitenge kipya. Aliniita kwa sauti: mtani, leo nani anachota maji? Umati wote ukacheka.

Bonaventura akanigeukia. Midomo imepasuka. Akasema: sikushuka, mtani.

Kisha akakaa chini. Nilijua hatasimama. Tumempeleka Kwamndolwa kwa mkokoteni wa mkonge. Njiani alikojoa na mkojo ulikuwa mweusi, kama kahawa.

Alhamisi, 2 Mei

Tabibu amekuja mara mbili. Amemchoma sindano. Aliniuliza homa ilianza lini. Nikasema Jumamosi. Akahesabu kwa vidole, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu — alipofika Jumatatu akasimamisha kidole, akauliza Jumatatu tulikuwa wapi. Handeni, nikasema. Akafunga mkoba wake. Kasema basi angebaki Handeni.

Kuna vitambaa vya kulowesha, shuka za kufua, maji ya kumnywesha na ya kumpoza. Mama Bernadina ni mmoja. Nikachukua ndoo. Toka asubuhi nimekwenda bombani safari tisa. Mwanzo nilibeba mkononi, maji yanamwagika, mwisho nikaiweka kichwani. Wanawake bombani wakapiga makofi. Kumbe Mzigua ndiye aliyeshindwa! Siku ngapi, mtani? Nikasema saba. Wakanipisha mbele ya foleni kwa kicheko.

Mama Bernadina aliona. Akaniuliza mbona nachota mimi, sote wawili tulifika. Nikasema sharti ni sharti. Akakimbilia ndani, mwanawe alikuwa anaita.

Hakuwa anamwita yeye wala mimi. Anaita watu wa Tabora, majina nisiyoyajua.

Ijumaa, 3 Mei

Amefariki saa saba mchana. Nilikuwa bombani.

Sikuweza kwenda msikitini. Nimechota maji ya kumwoshea.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekaa nyuma ya jiko la Mama Bernadina, nimeipindua ndoo nikaikalia. Tumezika saa nane. Nitaandika yote, taratibu, maana nikiacha sasa sitaandika tena.

Padre hakuweza kufika, barabara imekatika. Kasalisha katekista. Waliokuja ni wengi, wa mkonge, wa Handeni, kundi letu lote na mashati yetu, kasoro K. Athuman katoa hotuba fupi. Kasema Bonaventura ameanguka vitani kama askari, aliugua ghafla baada ya kufika. Ghafla! Nilimtazama. Alikuwa anatazama filimbi yake.

Halafu wazee wa Kinyamwezi wakaanza kuuliza, mtani wake yuko wapi? Maiti haiendi bila mtani. Nilikuwa nimejificha na ndoo yangu kwa jirani. Mama Bernadina mwenyewe ndiye aliyenifuata. Macho makavu. Mkononi ana shati, amelifua, amelipiga pasi, K ya kijani inang'aa. Akasema: mtani, tua ndoo. Njoo ufanye kazi yako. Tuoneshe alivyokuwa.

Hiyo ndiyo kazi. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na maneno yake, wafiwa wacheke wapumue. Huingia kaburini kabla ya mwenyewe, akagoma kutoka. Huwatukana wenye msiba na hakuna anayekasirika. Neno la mtani msibani halina kesi, hata liwe chungu namna gani. Nimeifanya kazi hii mara mbili kwa wengine na nilisifiwa.

Nikavaa. Linanibana kifuani. Habakuki kaleta baiskeli ya Bonaventura, ameiosha tope. Nikapanda. Nikaiga anavyoendesha, magoti nje, kengele bila sababu. Nikaimba wimbo wa mpagazi wa Kizigua. Nikajitupa chini nikashika tumbo, nikagaagaa, nikaomba watu wanibebee sufuria. Walicheka! Walicheka na kulia pamoja, wanawake wameshikana. Mimi mwenyewe nilimsikia akiimba mdomoni mwangu.

Tukafika kaburini. Nikaingia, nikalala chali, kama inavyotakiwa. Tope la baridi, maji yanafika kisigino. Wazee wakauliza, haya, mtani, unataka nini ndipo utoke? Hapo mtu husema kuku, husema tumbaku. Juu naona nyuso zao zote zimeinama, zinasubiri kucheka. Nikashindwa kuvumilia.

Nikasema: sitaki kitu. Mimi ndiye niliyemuua.

Wakaangua kicheko.

Nikasema: kweli! Aliniambia anaumwa, aliniita kwa jina langu. Mke wangu aliniambia. Lori lilikuwepo. Athuman aliniuliza, penye mgomba, nikamwambia anatega. Nilitaka achote maji!

Wakazidi. Mzee mmoja alijifuta machozi, akasema huyu ndiye mtani, hawa wa siku hizi hawawezi. Athuman alicheka kuliko wote, mdomo wazi, macho chini. Nikapiga kelele kwamba sitanii. Hiyo ndiyo iliyowamaliza kabisa, wakashikana mabega. Wakanishika mikono wakanivuta nje, wakanipa kuku na kunipigapiga mgongoni, wakateremsha sanduku.

Nilijua hivyo ndivyo alivyokuwa anajisikia. Anasema kweli, na watu wanacheka.

Mmoja tu hakucheka. Alisimama kichwani pa kaburi, ameshika ncha ya kanga mdomoni. Alikuwa ananitazama mimi, si sanduku. Nikaona anahesabu kama yule tabibu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Tuliporudi hapa nyumbani nikachukua ndoo tena, hii ni siku ya tatu, zimebaki nne. Akanizuia mlangoni. Hakusema mtani.

Akasema: Mhina. Vua shati la mwanangu. Wageni wakimalizika uingie, uniambie tena yale maneno.

Nimelivua. Nimelikunja, herufi ndani, nimeliweka juu ya kuni zisizolowa. Niko kifua wazi, kuku nimemfunga mguuni pa banda. Mvua inarudi. Wazee wa Kinyamwezi wameaga, wamepita hapa wakanipa mkono, bado wanatabasamu. Athuman kaondoka na kundi bila kupita huku. Habakuki kapita, kaegemeza baiskeli ya Bonaventura ukutani, akaenda zake.

Katekista naye anaaga sasa, namsikia mlangoni. Wamebaki wanawake wawili, na mmoja ameshaulizia mwavuli wake.